Kulisaka shimo la bomu la nyuklia chini ya ardhi

Watu wakisikia jaribio la nyuklia limegundulika wanadhani kazi imeisha, kumbe mitambo ya mbali ya kunasa mitikisiko imetupa eneo tu, na mkataba wa CTBT wa 1996, ule wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia, unaruhusu eneo la ukaguzi mpaka kilomita za mraba 1,000. Sisi wa jiofizikia ndo tunaanzia hapo.

Kwa mbali mambo siyo magumu sana. Mlipuko unasukuma mwamba pande zote kwa mpigo, wimbi la P, lile la kusukuma linalofika kwanza, linakuja na nguvu, wakati tetemeko ni miamba inateleza kwahiyo mawimbi ya S, yale ya kutikisa kwa upande, na yale yanayotambaa juu ya ardhi yanakuwa makubwa zaidi. Kwenye jaribio la nyuklia la Punggye-ri, Korea Kaskazini, tarehe 3 Septemba 2017 ukubwa wa mtikisiko ulifika 6.1, na dakika nane na nusu hivi baadaye mitambo ikanasa mtikisiko wa pili mdogo, yaani mwamba unaporomoka.

Huko kuporomoka ndo tunakokutegemea uwanjani. Joto la mlipuko linaacha pango, paa lake linaanza kumeguka, na kila likimeguka linatoa mtikisiko mdogo mno, basi tunatandaza saismomita, vifaa vya kupima mitikisiko, haraka kabla haijaisha. Ikionekana imejikusanya sehemu moja tunahamia hapo na vifaa vya sumaku kutafuta mabomba ya chuma yaliyofukiwa, na vipimo vya umeme kuona maji ya ardhini yamevurugika wapi. Rada ya kupenya ardhi inasifiwa kupita kiasi, kwenye mfinyanzi wenye maji hata mita chache ni shida, pango lenyewe liko mamia ya mita chini.

Ila kuthibitisha kwamba ni nyuklia, hapo ni gesi tu jamani. Nyutroni zikigonga kalsiamu ya mwamba inazaliwa argoni-37, gesi yenye mionzi, ambayo inapungua nusu kila siku 35, kwahiyo hakuna muda wa kupoteza. Na inapandaje juu? Mwaka 1993 kule Nevada, Marekani, walilipua kilotani moja ya baruti za kawaida wakaweka na gesi mbili za kufuatilia. Ile nzito, salfa heksafloraidi, ilitokea juu baada ya siku 50, heliamu-3 nyepesi ikachukua siku 375! Sababu ni kwamba presha ya hewa ikishuka inavuta gesi kupitia nyufa, na heliamu inapotea ndani ya vitundu vya mwamba njiani. Ndo maana sampuli tunazichukulia kwenye nyufa, na tunasubiri presha ianze kushuka ndo tuwashe pampu.