Land Rover ya zamani: gonga chesisi kabla ya kuuliza injini

Wanaokuja gereji kuniomba ushauri juu ya Land Rover ya zamani huanza karibu wote na injini: ni Tdi au ni Td5 (aina za injini zake za dizeli), inakula mafuta kiasi gani, inapandaje mlima. Mimi huwaomba kwanza walale chini ya gari waitazame chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima. Kazi yangu hapa Arusha ni kutengeneza Land Rover, na sijaona mnunuzi anayedanganyika kwa urahisi akiwa anajua gari hili lilizaliwaje, kwa kuwa ubora wake mwingi na magonjwa yake mengi yametokana na maamuzi yaliyofanyika Uingereza katika miaka michache tu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mwaka 1947 kampuni ya Rover ilikuwa na kiwanda kikubwa mjini Solihull, lakini chuma kilikuwa adimu na kilitolewa kwa mgao, na waliopewa kipaumbele walikuwa wale waliouza bidhaa zao nje ya nchi. Mhandisi mkuu wa kampuni, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, ambako alitumia jipu la Willys lililobaki baada ya vita. Yeye na kaka yake Spencer, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni, wakaona kwamba mkulima anahitaji gari la namna hiyo: liingie shambani, liendeshe mashine za kilimo kwa nguvu ya injini yake, kisha liende sokoni siku hiyohiyo. Lilikusudiwa liwe gari la mpito, la kuingiza fedha za kigeni mpaka biashara ya magari ya starehe itakaporudi. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, likiwa na injini ya petroli ya lita 1.6, na urefu wa inchi 80 kutoka ekseli hadi ekseli.

Uhaba ule wa chuma ndio ulioipa Land Rover sura yake. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi, hivyo bodi ikatengenezwa kwa Birmabright, mchanganyiko wa alumini na magnesi. Mashine kubwa za kukandamiza bati zilikuwa ghali, kwa hiyo mabati yakaachwa bapa, yakakunjwa kwa vifaa vya kawaida na kufungwa kwa bolti na riveti. Chesisi nayo haikukandamizwa kwa mashine, bali ilijengwa kwa vipande bapa vya chuma vilivyochomelewa pande zote 4 hadi vikawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Chesisi hiyo ni ngumu sana, na naiheshimu, lakini uwazi ule wa ndani ndio unaoiua.

Tope huingia humo kupitia matundu yaliyoachwa na kiwanda. Gari likifanya kazi Simanjiro wakati wa masika, udongo mweusi wa mbuga hujaa ndani, hukauka na kuganda, na mvua nyingine ikija hunyonya maji na kuyashika kwa wiki nyingi baada ya barabara kukauka. Kutu huanza ndani na kula kuelekea nje. Wakati huo bodi ya alumini iliyo juu haina hata doa la wekundu, imepigwa rangi mpya, inang'aa, na muuzaji anaizungusha uani kwa fahari. Ndiyo maana natembea na nyundo ndogo. Ninagonga boriti ya nyuma inayobeba ndoano ya kuvutia, kisha mikono ya pembeni inayoshikilia bodi, kisha sehemu iliyo juu ya tangi la mafuta na zile zinazoshika springi. Chuma kizima huitikia kwa mlio mkali na nyundo huruka mkononi. Chuma kilichooza hutoa sauti butu, nyundo hutua, na mara nyingine chembe za kutu hukumwagikia usoni. Ukikuta chini pamepakwa lami nzito nyeusi siku chache kabla ya mauzo, omba ruhusa ya kuikwangua. Ukinyimwa, aga kwa adabu na uende zako.

Alumini ina ugonjwa wake pia. Ikigusana na chuma penye unyevu wenye chumvi, inayoliwa ni alumini. Milango ya Defender, yaani Land Rover ya matoleo ya baadaye, ina fremu ya chuma iliyovikwa ngozi ya alumini, na magari yanayokaa sana upande wa Engaruka na Ziwa Natron, kwenye vumbi la magadi, huonyesha rangi iliyovimba chini ya milango. Ukiikwaruza kwa ukucha unakuta unga mweupe. Usimruhusu fundi bodi aliyezoea magari ya chuma anyooshe mabati hayo kwa moto bila uangalifu. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, hivyo hutoboka ghafla machoni pa mtu aliyekuwa akisubiri ibadilike rangi.

Huku kaskazini Land Rover zilifika zamani, zikawa magari ya maofisa wa wilaya, mapadre, madaktari na askari wa wanyamapori, na mpaka leo watu huita pikapu ya polisi difenda hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Toleo la pili lilitoka mwaka 1958, la tatu mwaka 1971, na mwaka 1976 kiwanda kilitoa Land Rover ya milioni moja. Zile ndefu za inchi 109 bado zinabeba watu na mbuzi kwenda minadani Longido na Gelai, zikiwa na springi za mapande na injini ya lita 2.25 isiyo na haraka na isiyo na waya nyingi.

Kuna mzee mmoja wa Longido ambaye 109 yake naihudumia. Siku moja alifika akiwa ameikata hafu shafti ya nyuma, chuma kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu, huko porini, na abiria wote walikuwa wameshafika nyumbani. Nikamwamkia, nikamuuliza amefikaje.

"Nimekuja na miguu ya mbele, fundi," akanijibu. "Hii haijawahi kunilaza njiani."

Alichofanya kinastahili kuelezwa kwa undani, kwa sababu mwenye Land Rover ye yote anapaswa kukijua. Katika ekseli ya gari hili, uzito hubebwa na beringi za haabu, yaani kitovu cha gurudumu, na hafu shafti kazi yake ni kuzungusha gurudumu peke yake. Hivyo ikikatika, gurudumu halichomoki na wala gari halihitaji jeki. Unafungua bolti za flanji katikati ya gurudumu, unachomoa kipande kilichokatika ili kisitafune kingine, unaziba tundu vumbi lisiingie, kisha unabonyeza kirungu cha njano ili uingize magurudumu ya mbele, na unakwenda polepole. Kwenye 110, toleo la baadaye nitakalolieleza hivi punde, unafunga difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na kufanya vivyo hivyo. Magari machache yaliyowahi kuuzwa duniani yanamruhusu mchungaji mwenye spana mbili kujiokoa namna hiyo, na mimi sioni aibu kusema kwamba hilo ndilo lililonifanya niipende kazi hii.

Mwaka 1983 ilitoka One Ten, yaani 110, na Ninety, yaani 90, ikafuata mwaka 1984. Hapo springi za mapande zikaachwa, zikaja koili springi zilizokuwa zimethibitishwa kwenye Range Rover tangu mwaka 1970, pamoja na mfumo wa kuendesha magurudumu yote 4 wakati wote. Jina la Defender lilikuja mwaka 1990, baada ya kampuni kutoa gari lake jingine, Discovery, mwaka uliotangulia. Dereva anayetoka kwenye 109 na kuhamia 110 lazima abadili mazoea. Kwenye 109, lami ni ya magurudumu ya nyuma tu. Kwenye 110 magurudumu yote yanavuta daima, na difu iliyo kwenye transfa, giaboksi ya pili inayopeleka nguvu mbele na nyuma, huruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi tofauti kwenye kona. Ukisukuma liva ndogo kushoto unaifunga difu hiyo, na hapo tope au mchanga vinapitika. Ukiisahau imefungwa mpaka lami ya Makuyuni, nguvu inajisokota ndani ya propela na transfa kwa kuwa haina pa kutokea. Matairi yanalia kwenye kona, usukani unakuwa mzito, na hatimaye kitu kinavunjika. Funga difu kabla ya kuingia kwenye tope, wakati magurudumu bado yanashika. Kuifunga gurudumu likiwa tayari linazunguka hovyo ni kuipiga transfa rungu.

Sasa naweza kuzungumzia injini. 200Tdi ilikuja kwenye Defender mwaka 1990, ikiwa dizeli ya lita 2.5 yenye tabo na pampu inayofanya kazi bila kompyuta. 300Tdi ikafuata mwaka 1994 na Td5 mwaka 1998. Mbili za kwanza zinaweza kurekebishwa na fundi mzuri chini ya mwembe, lakini zina mambo mawili yasiyosamehe uzembe.

La kwanza ni mkanda wa taiming, unaofanya vali zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Vumbi huufupishia maisha, na kitabu cha kiwanda chenyewe kinaagiza ubadilishwe mapema, kwa nusu ya umbali wa kawaida, kwa gari linalofanya kazi katika mazingira magumu. Chini ya kava la mkanda kuna kitundu kidogo ambacho wengi hawajui kazi yake. Kipo ili oili inayovuja kutoka kwenye oili sili itoke nje badala ya kuulowesha mkanda. Chuchumaa mbele ya injini, pitisha kidole: kikitoka kikavu, vizuri, kikitoka na oili, kuna sili imekufa na mkanda unaoga mafuta. Kitundu hicho huzibwa kwa bolti yake maalumu kabla ya kuvuka mto mrefu, na bolti hiyo lazima itolewe ukishavuka. Nimefungua injini ambazo bolti ilisahaulika kwa miaka, na oili ilikuwa imejaa humo ndani. Gari ukilinunua bila kumbukumbu ya lini mkanda ulibadilishwa, badilisha kabla hujalipeleka po pote.

La pili ni maji. Silinda hedi ya Tdi ni ya alumini iliyokaa juu ya bloku ya chuma, na ikipata joto kupita kiasi hupinda. Kwenye 300Tdi, vifuniko vya plastiki vilivyo juu ya rejeta na juu ya nyumba ya themostati huzeeka na kupasuka, hivyo naweka vya shaba kwenye kila gari linalopita mikononi mwangu. Jambo ambalo madereva wengi hawaambiwi ni kwamba geji ya joto inasoma maji. Maji yakimwagika yote, kisoma joto kinabaki kwenye hewa na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Unapopanda mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu ukiwa umejaza watu na mizigo, ukaona mshale umeanguka ghafla bila sababu, simama hapohapo. Usishangilie kwamba gari limepoa.

Td5 ina nguvu zaidi, na inatumia cheni badala ya mkanda, jambo ambalo ni faraja kubwa. Lakini inaongozwa na kompyuta iliyo chini ya kiti, na oili ya injini hupanda polepole kupitia waya za nozeli mpaka kwenye plagi nyekundu ya kompyuta hiyo. Gari linaanza kukosa silinda, linapoteza nguvu, na mtu anauziwa nozeli mpya ambazo hakuzihitaji. Chomoa plagi hiyo kwanza, uitazame. Ikiwa imelowa, badilisha waya za nozeli na uisafishe. Kwa mtu anayeishi Moshi na kupanda Marangu au Machame, akiwa karibu na fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta, Td5 ni chaguo zuri. Kwa anayekwenda Loliondo au Gelai, mimi ningependekeza 300Tdi bila kusita.

Defender ya aina hii iliacha kutengenezwa Solihull tarehe 29 Januari 2016, zikiwa zimetoka kiwandani zaidi ya milioni 2 ukizihesabu na zile za mwanzo. Mpya inayojengwa Nitra, Slovakia, haina chesisi ya kutenganishwa na bodi, na ni gari la familia nyingine. Spea za zile za zamani bado zinatengenezwa na viwanda vingi, na hapa zinapatikana, nyingine zikipitia Namanga. Nunua kioo na bawaba kwa bei yo yote unayoipenda. Lakini oili sili, beringi, pampu ya maji na mkanda wa taiming visiwe vya bei ya chini.

Limebaki suala la karatasi. Kwa kuwa kila kitu hufunguka kwa bolti, Land Rover moja huweza kuwa imekusanywa kutoka magari mawili au matatu, chesisi ya hili na injini ya lile. Namba ya chesisi ya Defender imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na springi. Isugue kwa brashi ya waya mpaka isomeke, uilinganishe na kadi ya gari herufi kwa herufi, halafu fanya vivyo hivyo kwa namba ya injini. Injini iliyobadilishwa si tatizo ikiwa kadi imerekebishwa TRA (Mamlaka ya Mapato), na muuzaji ndiye wa kulishughulikia hilo kabla hujatoa fedha. Namba ya chesisi iliyosagwa, au iliyopachikwa kwenye kipande cha bati kilichochomelewa juu yake, haina marekebisho; gari hilo usilinunue hata kama chesisi yake inalia vizuri.