Masikio Baridi, Mwili wa Moto

Mbwa aliye juu ya meza yangu anatetemeka. Nikimshika masikio, ya baridi; nyayo nazo vivyo hivyo. "Daktari, amepigwa na baridi," mwenyewe ananiambia, "nimemfunika usiku kucha." Kipimajoto kinasoma 40.6, na mbwa mzima hukaa karibu na 38.5.

Mwenye mbwa hakukosea kama anavyodhani akiona namba hiyo. Mbwa huyu anasikia baridi kwelikweli. Ubongo wake ndio uliopanga iwe hivyo.

Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, na upande wake wa mbele una seli za neva zinazopima joto la damu. Damu ikizidi joto, seli hizo huchangamka: mishipa ya ngozi hutanuka, mbwa hutoa ulimi na kuhema. Vijidudu vikivamia, kinga ya mwili hutoa ishara, na kuta za mishipa ya damu ndani ya ubongo hutengeneza kemikali iitwayo prostaglandini E2. Kemikali hii huzinyamazisha seli zile. Zikinyamaza, mwili huanza kutunza joto na kuzalisha jingine: mishipa ya masikio na miguu hubana, damu hukimbilia ndani, misuli hutetemeka. Ndiyo maana masikio ni ya baridi ilhali tumbo linawaka.

Hata mjusi hupata homa, ingawa hana namna ya kujipasha joto kwa kutetemeka. Katika miaka ya 1970 Matthew Kluger na wenzake huko Marekani waliwaambukiza bakteria iguana wa jangwani. Wagonjwa walihamia wenyewe penye joto zaidi, na waliozuiwa kupata joto hilo walikufa wengi zaidi. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba homa ni kazi ya ubongo, si mwili ulioharibika.

Prostaglandini haiko peke yake. Mwaka 1963 wanasayansi Wilhelm Feldberg na Robert Myers waliingiza kwenye matundu ya ubongo wa paka kemikali ambazo neva hutumia kupelekeana ujumbe. Serotonini ilipandisha joto la mwili. Adrenalini na noradrenalini zililishusha. Ilionekana kama kanuni imepatikana, hadi jaribio lilipofanywa kwa sungura na mambo yakageuka: noradrenalini ikapandisha, serotonini ikashusha. Kemikali ni zilezile, mnyama ni mwingine. Tangu niliposoma hayo siamini tena maelezo yanayoanza na "kwa wanyama wote".

Ndiyo maana naomba sana, usimpe paka wako parasetamoli. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja sumu yake, na kidonge kimoja chaweza kumuua.

Kosa jingine ni kuchanganya homa na joto la kuzidiwa. Mbwa aliyefungiwa ndani ya gari juani anaweza naye kusoma 41, lakini ubongo wake bado unadai 38.5 na mwili umeshindwa kufika huko. Huyu anahema kwa nguvu, masikio ni ya moto. Mmwagie maji, mpepee, mkimbize kwa daktari. Dawa ya homa haitamsaidia kitu, kwa kuwa hapa si prostaglandini iliyopandisha joto. Mwenye homa ukimmwagia maji baridi, atatetemeka zaidi, maana ubongo utapigania joto uliloliamua.

Mbwa wangu wa mezani nilimtoa damu kwa vipimo, kisha nikamchoma sindano ya mbwa inayozuia prostaglandini kutengenezwa. Baada ya muda kutetemeka kulikoma. Kipimajoto kilikuwa bado kinasoma zaidi ya 40, lakini nilipomshika sikio lilikuwa limeanza kupata joto: mishipa imefunguka. Nikamwambia mwenyewe aondoe blanketi.