Uzushi wa silabi moja: ninavyounda dhehebu la mungu mharibifu

Mezani kwangu, kwenye mchezo, wachezaji wangu wameshaua makuhani waovu wengi mno. Joho jeusi, kisu, mateka juu ya jiwe. Dadu la pande 20 linarushwa, kuhani anaanguka, na hakuna aliyejiuliza marehemu alikuwa anaamini nini. Naendesha michezo ya kuigiza wahusika, yaani hadithi tunayoisimulia pamoja mezani huku dadu likiamua kinachotokea, zaidi Dungeons & Dragons, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni kutunga dini. Dhehebu la mungu mharibifu naanza kulitunga kwenye sala yake. Uovu utakuja wenyewe.

Dhehebu hilo ni la wazushi, na mzushi si mpagani. Anamwomba mungu yule yule, aya anazijua pengine kumshinda kuhani wa mjini, ila kuna neno moja analisoma kwa namna yake. Mwaka 325, kwenye Mtaguso wa Nikea, maaskofu walipitisha neno la Kigiriki homoousios: Mwana ni wa asili moja na Baba. Baadaye wengine wakapendelea homoiousios, wa asili inayofanana. Ukiyaandika kwa Kigiriki, maneno hayo yanatofautiana kwa herufi moja, na ugomvi wake uliwatesa watu kwa miaka.

Basi nikamtunga mungu nimwitaye Mfyekaji. Hekaluni kwake husemwa: “Hufyeka ili tupande.” Moto wake, mafuriko yake na tauni yake ni kama panga la mkulima kabla ya masika. Watu wanaumia, kisha wanapanda upya. Wazushi wangu walibadilisha silabi moja: “Hufyeka ili apande.” Isome tena polepole. Ikiwa mpandaji ni yeye, sisi si wakulima tena, sisi ni magugu. Mengine yote yalitoka hapo: hawajengi kwa mawe, hawaweki akiba ya mbegu, moto ukishika kijiji hawabebi ndoo, na alama yao ni jembe lisilo na mpini.

Lakini hakuna anayeacha dini ya wazazi wake kwa sababu ya sarufi. Watu huingia wakiwa wameumia, na hapa Misri ya kale imenifundisha mengi. Katika hadithi yao, mungu wa kike Sekhmet alitumwa na Ra, mungu wa jua, awaangamize wanadamu, akanogewa na damu hata hakutaka kuacha. Ikabidi imwagwe bia iliyotiwa rangi nyekundu. Akainywa akidhani ni damu, akalewa, na waliobaki wakanusurika. Makuhani wa Sekhmet huyo huyo walijulikana kwa uganga. Ndivyo inavyokuwa: aletaye maradhi ndiye wa kuombwa ayaondoe.

Kwa hiyo kiongozi wa wazushi wangu ni mkunga mzee. Tauni moja ilimzikisha watoto watatu. Kuhani alikuja matangani, akamshika mkono, akamwambia Mfyekaji amefyeka ili mkunga apande tena. Mkunga akamjibu: “Nipande nini?” Kuhani hakuwa na neno. Siku hiyo dhehebu lilizaliwa.

Hekalu hupaka majivu kwenye paji la uso la mtoto mchanga. Mkunga huyapaka kisogoni, mahali mtu hajioni. Wachezaji waliyaona kwa muuza chumvi, wakayaona kwa askari wa lango, kisha kwa mtoto aliyelala mgongoni mwa mama yake. Wakati huo neno uzushi lilikuwa halijatamkwa mezani.

Habari nyingine wape wachezaji kupitia kwa maadui wa dhehebu. Wakathari, dhehebu la zama za kati kusini mwa Ufaransa ambalo Kanisa liliwahesabu wazushi, walijiita Wakristo wema na viongozi wao hawakula nyama wala mayai. Mwaka 1244, chini ya ngome ya Montségur, zaidi ya 200 walichomwa moto. Sehemu kubwa ya tunayoyajua juu yao ilitunzwa na waliokuwa wakiwahoji. Nami niliwaandikia wachezaji kurasa za mahojiano ya karani wa hekalu, zimejaa chuki. Mambo mawili humo hayakuwa kweli, na kundi zima lilipanga safari kwa kuyategemea.

Kigumu ni miujiza. Kwenye mchezo, kuhani hupewa nguvu na mungu wake. Je, sala ya mzushi ikijibiwa? Wengi huweka pepo nyuma ya pazia anayejifanya mungu. Silikubali suluhisho hilo, maana linaua ubishi wote: wazushi wanabaki watu waliodanganywa. Mfyekaji wangu hujibu pande zote mbili, wala hasemi kwa nini.

Mwishowe walimkuta mkunga mlangoni mwa ghala la mbegu la kijiji, mwenge mkononi. Zamu ilikuwa ya mpiganaji wao, upanga umeshachomolewa. Mchezaji wake akaliweka dadu mezani bila kulirusha.

“Sijampiga bado,” akasema. “Kwanza nataka tumjibu. Apande nini?”

Walibishana saa nzima, na mwenge bado unawaka.