Ugonjwa wa akili katika ukoo: maswali na majibu kutoka Lubumbashi

Profesa wa famakolojia anafundisha dawa. Jeni za wagonjwa wa akili zinamhusu nini?

Zinamhusu kwa sababu ya dozi. Tangu klopromazini, dawa ya kutuliza akili, ianze kutumiwa kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952, madaktari wameona jambo lilelile: wagonjwa watatu wanapewa kipimo kimoja, mmoja anatulia, wa pili shingo inakakamaa, wa tatu hapati nafuu yoyote. Anayesimama mbele ya wanafunzi kufundisha dozi lazima ataulizwa tofauti hiyo inatoka wapi, na sehemu ya jibu imo katika jeni, yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi. Mwaka 1959 Mjerumani Friedrich Vogel aliupa uchunguzi huo jina, famakojenetiki. Ndiyo maana profesa wa namna hiyo huonekana darasani asubuhi, na mchana yuko maabara na chupa za damu.

Mama yangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo. Wakwe watarajiwa wamesikia, sasa wanasitasita. Nami nitaugua?

Uwezekano mkubwa ni kwamba hutaugua. Katika watu 100 wa kawaida, mmoja hivi hupata skizofrenia. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja anaugua, hatari yake ni kama 10 kwa 100, na wale 90 waliobaki wanaishi bila ugonjwa huo. Hata mapacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake hubaki mzima.

Hakuna jeni moja ya wazimu. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2022 ulitaja sehemu 287 za vinasaba zinazohusika, na kila moja inaongeza hatari kidogo tu. Kwa hiyo hakuna kipimo cha damu kinachoweza kusema "huyu ataugua". Akitokea mtu anakuuzia, usimpe hata franka moja. Kilicho mikononi mwako ni bangi: mwenye ugonjwa huu katika ukoo asiiguse, hasa ujanani.

Na wakwe waambieni hesabu hizo bila kuona haya. Ajabu ni kwamba kwenye mazungumzo ya mahari hakuna anayeuliza habari za kisukari, nacho pia hufuata ukoo.

Kaka alipewa haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, akakakamaa. Jirani anameza hiyohiyo na yuko sawa. Amerogwa?

Hapana. Tuanzie kwenye ini. Humo mna kimeng'enya kiitwacho CYP2D6, kinachosaidia kuvunja dawa nyingi za akili, na nguvu yake inategemea jeni. Mwaka 1996 mwanasayansi wa Zimbabwe, Collen Masimirembwa, pamoja na wenzake, walieleza aina ya jeni hiyo iliyo ya kawaida kwa Waafrika weusi, ambayo hufanya kazi polepole. Vitabu vya dozi vilivyoandikwa kwa kupima Wazungu havikuijua. Kwa mwenye ini la polepole dawa inaweza kurundikana mwilini, na dozi ya kawaida ikamzidi.

Hata hivyo si ini peke yake, maana vijana wa kiume hukakamaa kwa urahisi zaidi. Msiikatishe dawa wenyewe: rudini haraka kwa daktari, kwa mfano katika Kituo cha Dr Joseph Guislain, hospitali ya magonjwa ya akili hapa mjini. Ipo dawa ya kulegeza misuli, na dozi inaweza kupunguzwa. Nendeni na daftari lenye majina ya dawa zilizowahi kumsumbua yeye au ndugu wa damu. Daftari hilo halina gharama, na daktari atalitumia leo.

Mchungaji anataka mgonjwa afunge siku tatu. Tukubali?

Aombewe, lakini dawa isikatwe. Anayemeza lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka mno, asifunge kamwe bila kunywa maji: mwili ukipungukiwa maji, lithiamu hupanda katika damu hadi kuwa sumu. Mikono ikitetemeka sana, akitapika au akiyumba, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Watafiti wakiniomba damu, nitoe?

Ni hiari yako. Waafrika wamekuwa wachache mno katika tafiti hizi, ingawa ndio wenye vinasaba vya aina nyingi kuliko watu wengine wote. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis, unaochunguza jeni za wagonjwa wa akili Waafrika, umekusanya sampuli Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Kabla ya kutia sahihi, uliza kwa lugha unayoielewa: damu itahifadhiwa wapi, nani atayaona majina, naweza kujitoa baadaye? Ukikataa, matibabu yako hayapaswi kubadilika hata kidogo.