Chai, mahamri na mbaazi: kipi kinachokujaza gesi?

Watu wengi wanaojaa gesi baada ya kifungua kinywa huja kwangu wameshaacha maziwa. Nami huuliza kwanza: chai yenyewe ilikuwa na maziwa kiasi gani?

Kikombe cha mililita 250 cha maziwa matupu ya ng'ombe kina gramu 12 hivi za laktosi, yaani sukari ya maziwa. Chai iliyopikwa nusu maji nusu maziwa ina gramu 6. Wengi wenye upungufu wa laktesi, kimeng'enya kinachovunja sukari hiyo, huhimili hata zile 12 wakila na chakula. Kwa hiyo chai ya asubuhi mara nyingi husingiziwa. Mbaazi zina sukari ambazo utumbo wa binadamu yeyote hauzimeng'enyi. Kitunguu na ngano ya mahamri vina fruktani, minyororo ya sukari, nazo hivyo hivyo. Zote hufika utumbo mpana, bakteria huzichachusha, gesi hujaa. Tofauti ni kwamba wengine tumbo lao huvumilia gesi hiyo, wengine huumia.

Kabla ya kuacha chochote, pima choo. Vijidudu vya giardia hujeruhi utumbo mdogo, mahali laktesi inapotengenezwa, na mtu hushindwa na maziwa kwa muda tu. Akitibiwa, kwa kawaida utumbo hupona baada ya wiki kadhaa. Wanaokunywa maji ya kisima yasiyochemshwa walizingatie hili. Ngano nayo usiiache kabla ya kipimo cha damu cha siliaki, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mtu akila ngano: ukishaiacha, kingamwili zinazotafutwa hushuka na majibu yanaweza kukudanganya.

Sasa jaribio. Kwa wiki mbili kunywa chai ya rangi, mengine yote yabaki kama kawaida. Andika saa uliyokula, kiasi, na saa dalili ilipoanza. Ukipata nafuu, rudisha maziwa pamoja na chakula: robo kikombe siku ya kwanza, nusu siku ya tatu, kikombe kizima siku ya tano. Dalili za laktosi huanza kati ya nusu saa na saa mbili. Zikitokea kwenye kikombe kizima tu, nusu ndiyo kipimo chako, na hakuna sababu ya kuacha kabisa. Kosa ninaloliona sana ni kuacha vitu vitatu kwa pamoja: nafuu inakuja, lakini hujui imetoka wapi.

Kuchemsha maziwa hakuondoi laktosi, na maziwa ya mbuzi na ya ngamia yanayo pia. Maziwa lala huvumilika zaidi kwa kuwa bakteria wameshaila sehemu yake. Samli karibu haina, tui la nazi halina kabisa. Mwezi wa Ramadhani hesabu hubadilika: glasi nzima ya maziwa baridi wakati wa kufuturu, tumbo likiwa tupu, si sawa na chai ile.

Maziwa yakionekana hayana hatia, geukia mbaazi. Ziloweke usiku kucha, mwaga maji, chemsha, mwaga tena maji ya kwanza, ndipo uzipike kwa tui. Sukari zile huyeyuka majini, kwa hiyo anayepikia maji aliyolowekea amezirudisha zote sufuriani. Anza na vijiko viwili vya mezani. Fruktani za kitunguu haziyeyuki kwenye mafuta: kaanga vipande vikubwa, vitoe, ladha itabaki.

Haya si ya kujaribu kwa mwenye mzio. Midomo ikivimba, mwili ukitoka vipele au pumzi ikibana baada ya kula kamba au karanga, kimbia hospitali. Damu chooni na kupungua uzito bila sababu navyo ni vya daktari.

Anayepunguza maziwa afidie kalsiamu kwa dagaa wanaoliwa na mifupa yao, simsim, au maziwa lala. Tui halifidii, kalsiamu yake ni kidogo mno.