Ubunifu katika chuo kikuu: yanayoaminika na yaliyo kweli

Vyuo vikuu vingi huutaja ubunifu miongoni mwa sifa anazotarajiwa kuwa nazo mhitimu, lakini mwanafunzi anayetaka kujua kinachothaminiwa hasa hasomi dira ya chuo. Hutazama mitihani ya miaka iliyopita. Akikuta maswali yote yanadai kukumbuka yaliyosemwa kwenye mihadhara, atakariri, na hatakuwa amekosea. Pengo hilo kati ya kinachotangazwa na kinachotahiniwa linadumu kwa sababu limeegemea imani ambazo wahadhiri na wanafunzi wamezizoea kiasi cha kutozihoji.

Dhana: Ubunifu ni kipaji cha wachache

Imani hii humpa mhadhiri kisingizio chepesi, kwa kuwa kama kipaji hakipo, hakuna cha kufundisha. Mwaka 1950 J. P. Guilford, akihutubia chama cha wanasaikolojia wa Marekani akiwa rais wake, alieleza kwamba kati ya maandiko 121,000 hivi yaliyoorodheshwa katika faharasa ya taaluma yao, ni 186 tu yaliyohusu ubunifu. Katika hotuba hiyohiyo alisema kwamba vitendo vya kibunifu vinaweza kutarajiwa kwa karibu kila mtu, hata kama ni hafifu au hutokea kwa nadra. Mwaka 2009 watafiti wa ubunifu James Kaufman na Ronald Beghetto walipendekeza ngazi nne za ubunifu: ya kwanza ni ufahamu mpya anaoupata mtu mwenyewe anapojifunza, ya pili ni utatuzi wa matatizo ya kila siku, ya tatu ni kazi ya mtaalamu aliyebobea, na ya nne ni uvumbuzi unaobadilisha fani nzima. Anayesubiri ngazi ya nne pekee ataona darasa lake halina mbunifu hata mmoja, ilhali ngazi mbili za mwanzo zinaweza kukuzwa kila wiki ya muhula.

Linalofanana na hilo ni dai kwamba wabunifu hutumia upande wa kulia wa ubongo na wachambuzi upande wa kushoto. Uchunguzi wa picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000, uliochapishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah mwaka 2013, haukupata ushahidi kwamba mtu mmoja mmoja hutawaliwa na upande fulani.

Dhana: Maarifa mengi huua ubunifu, kwa kuwa wazo jipya huja lenyewe

Mwanahisabati Henri Poincaré alisimulia jinsi wazo kubwa lilivyomjia ghafla mjini Coutances, alipokuwa akikanyaga kipandio cha gari la abiria. Wanaopenda kuirudia simulizi hiyo huiacha sehemu yake ya mwanzo, yaani siku 15 alizokwisha kuzitumia mezani akipambana na tatizo hilo, na ile ya mwisho, kwamba baada ya safari alikaa akalithibitisha wazo lenyewe. Mwanazuoni Mwingereza Graham Wallas, aliyeeleza mwaka 1926 hatua za fikra bunifu, yaani maandalizi, kuatamia (kuliacha tatizo kwa muda), mwangaza (wazo kujitokeza ghafla) na uthibitisho, aliupa mwangaza nafasi moja tu kati ya nne.

Hata hivyo, imani hii ina chembe ya ukweli. Maarifa hudumaza pale yanapofundishwa kana kwamba yalizaliwa yakiwa kamili: fomula bila swali lililoizaa, nadharia bila wapinzani wake, hukumu ya mahakama bila hoja iliyoshindwa. Mwanafunzi aliyeonyeshwa mahali ambapo wataalamu bado wanabishana ana pa kuingilia. Aliyepewa hitimisho peke yake anabaki na kazi ya kulihifadhi. Kwa maoni yangu, kurekebisha jambo hili moja kuna faida kuliko viti vya kusogezwa kwa magurudumu na kuta za rangi ambazo baadhi ya vyuo huzinunua kwa jina la ubunifu.

Dhana: Mbunifu anahitaji uhuru usio na mipaka

Mpe mwanafunzi agizo la kuandika juu ya mada yoyote aipendayo, na mara nyingi atarudi na mada iliyozoeleka kuliko zote, kwa sababu akili isiyo na kikwazo hufuata njia iliyo karibu. Mwambie abuni jaribio la kutofautisha maelezo mawili yanayopingana kuhusu tukio moja, kwa vifaa vilivyomo maabarani na kwa muda wa kipindi kimoja, naye atalazimika kuchagua, kutupa na kuunganisha mambo ambayo hakuwahi kuyaweka pamoja. Sharti linalofaa huziba njia rahisi na kuacha nyingine nyingi wazi. Agizo lenye jibu moja lililofichwa ni chemshabongo tu, hata likiitwa mradi.

Dhana: Kikundi kikibunga bongo pamoja hupata mawazo mengi zaidi

Alex Osborn, Mmarekani aliyefanya kazi ya matangazo ya biashara, aliieneza imani hii katika miaka ya 1950. Jaribio lililofanywa Chuo Kikuu cha Yale na kuchapishwa mwaka 1958 lilionyesha kinyume: watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yalipojumlishwa, waliwapita wanne waliokaa pamoja. Wanasaikolojia Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha mwaka 1987 kwamba sababu kubwa ni kusubiri zamu, kwa kuwa anayemsikiliza mwenzake hawezi kuzungumza na wazo lake huweza kupotea. Kwa semina, utaratibu unaofaa ni kila mtu aandike kwanza kimya, kisha mawazo yakusanywe na kujadiliwa.

Dhana: Ubunifu haupimiki, kwa hiyo hauwezi kupewa alama

Chuo kikuu chenyewe hukanusha dai hili kila kinapomtunuku mtu shahada ya uzamivu, kwa kuwa watahini hutakiwa kuamua kama tasnifu imeongeza jambo jipya. Mwanasaikolojia Teresa Amabile alionyesha mwaka 1982 kwamba wataalamu wa fani moja, wakiamua kila mmoja kivyake, hukubaliana kwa kiasi kikubwa kuhusu kazi ipi ni ya kibunifu zaidi.

Ugumu halisi uko kwenye matokeo ya kupima. Mwanafunzi anayejua kwamba jaribio lililoshindwa litamshusha daraja atachagua njia salama, na hilo ni uamuzi wa busara. Ndiyo maana rasimu ya kwanza inafaa isomwe na kupewa maoni bila alama, na kazi ya mwisho itahiniwe pamoja na maelezo mafupi ya njia zilizojaribiwa zikaachwa, na sababu za kuziacha. Mwenye darasa la wanafunzi 300 atasema kwamba hana muda wa kusoma rasimu, na ni kweli. Lakini swali moja la mtihani linaweza kubadilishwa, ili badala ya kudai sifa tano za nadharia limtake mtahiniwa atoe hali ambayo nadharia hiyo ingeshindwa kuieleza, na aseme kwa nini.