Herufi kubwa za Kiingereza si alama ya heshima

Wapo wengi, Unguja na Pemba, wanaoamini kwamba katika maandishi ya Kiingereza kila neno lenye uzito, liwe daktari, elimu au hata karafuu, huanza kwa herufi kubwa. Imani hiyo haikuzuka bure: mwanzoni mwa karne ya 18 wachapaji wa Uingereza waliziandika hivyo nomino nyingi, na Kijerumani huziandika hivyo zote hadi leo. Kiingereza cha sasa, ukiacha mwanzo wa sentensi, huangalia zaidi kama neno ni jina mahususi. Kwa hiyo neno la kisiwa huandikwa kwa herufi ndogo, lakini likiwa ndani ya jina la Kisiwa cha Pemba hupewa kubwa. Cheo cha daktari nacho, kwa kawaida, hubaki na ndogo mpaka kitangulie jina la mwenyewe. Siku, miezi na lugha huandikwa kwa herufi kubwa, ilhali majira ya mwaka hayapewi, tofauti ambayo, kwa maoni yangu, haina mantiki ya wazi. Mwenye shaka na afungue kamusi ya Kiingereza, kwani neno linalodai herufi kubwa daima huorodheshwa humo likiwa nayo.